Ligeuze Ndani Nje Kabla ya Kulilipia

Kila mwaka kati ya Oktoba na Novemba, vyuo vikuu vya Tanzania vinapopokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, maduka ya Kariakoo hujaa wazazi na vijana wao wakiwa na orodha mkononi: godoro, ndoo, shuka, pasi, begi. Godoro hubonyezwa pande zote na kuulizwa unene wake. Pasi huchomekwa kwenye umeme papo hapo ionekane kama inapata moto. Begi la mgongoni huvaliwa mara moja tu, rangi ikipendeza hulipiwa, kisha familia inahamia fremu nyingine. Ndani ya begi hilohilo kijana ataweka kompyuta mpakato, ambayo kwa wengi ndiyo mali ya thamani kuliko zote walizowahi kumiliki, pamoja na simu, kitambulisho, daftari na kazi zote za muhula. Ataliweka miguuni kwenye daladala, ataliburuta chini ya viti vya ukumbi wa mihadhara, ataliangusha sakafuni bwenini akiwa amechoka. Kifaa kinachobeba vingine vyote ndicho kinachokaguliwa kwa haraka kuliko vyote.

Begi zuri la chuo hujulikana kwa upande wake wa ndani. Kwa nje utaona rangi, nembo na mifuko, na muuzaji atakuwa tayari kukusifia kila kimoja. Kwa ndani utaona kazi ya mshonaji, na hapo hapana cha kusifia wala kuficha. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, fungua zipu kubwa mpaka mwisho, ingiza mkono mpaka kwenye kitako, uvute nje begi zima ligeuke. Baadhi ya wauzaji watashangaa kidogo. Waambie kwa upole tu kwamba unakagua mishono. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake atakusaidia kuligeuza, na anayekupokonya kwa madai kwamba unaliharibu amekwisha kukupa jibu.

Likishageuka, tazama kingo. Mahali ambapo vipande viwili vya kitambaa vimeunganishwa, fundi makini huacha nje ya mshono akiba ya kitambaa ya kama sentimita moja, kisha hukunja utepe mwembamba juu ya kingo hizo na kuushona, ili nyuzi zisifumuke. Begi lililoshonwa kwa haraka halina utepe huo. Utaona kingo zikiwa wazi, nyuzi zimeanza kuchomoza hata kabla begi halijatoka dukani, na akiba ya kitambaa ni nyembamba kiasi kwamba sindano imepita karibu kabisa na ukingo. Mshono wa namna hiyo hauhitaji kukatika uzi ili uachie. Kitambaa chenyewe hufumuka taratibu kwa msuguano wa vitabu, kikafika kwenye mshono, na siku moja upande mzima wa begi hufunguka ukiwa umesimama kituoni. Kwa maoni yangu, kama mnunuzi ana muda wa kukagua jambo moja tu, akague hili. Linasema mengi kuhusu begi kuliko lebo yoyote.

Mahali pa pili ni pale mikanda ya mabegani inapoingia kwenye mwili wa begi. Uzito wote unaning'inia hapo, na kila hatua unayopiga huongeza mvuto kidogo. Mwanafunzi anayeliokota begi sakafuni kwa mkanda mmoja na kulirusha begani huilazimisha mishono michache ya upande ule ibebe mzigo wote kwa mkupuo. Ndiyo maana mabegi mengi hufia kwenye mkanda wakati kitambaa bado kizima. Angalia kama mkanda umepachikwa tu katikati ya vipande viwili vya kitambaa na kupitishiwa mstari mmoja wa cherehani, au umeingizwa ndani zaidi, ukawekewa kiraka cha kuuimarisha na kushonwa kisanduku chenye msalaba katikati. Kisanduku kile husambaza mvuto kwenye eneo pana badala ya kuuacha kwenye mstari mmoja. Chini, mahali ambapo mkanda mwembamba wa kurekebishia urefu unaungana na pembe ya begi, pawe na kipande cha pembetatu kilichoshonwa mara mbili. Mkono mfupi wa juu, ule wa kulinyanyulia begi, nao ukaguliwe hivyohivyo. Ndani ya gari lililojaa ndio unaokamatwa kila mara.

Jaribio lake ni rahisi. Omba kitu kizito kilichopo dukani, hata mabegi mengine yaliyokunjwa, ulijaze, ulishike kwa mkanda mmoja na kulitikisa kwa nguvu kiasi, huku umeutazama mshono wa juu. Ukiona matundu ya sindano yanapanuka na mwanga unapita, lirudishe.

Kuhusu kitambaa, mabegi mengi yanayouzwa kwetu ni ya polista, na machache ni ya nailoni. Baadhi yana lebo ndogo iliyoandikwa 600D, 900D au 1680D. Herufi hiyo ni ya kipimo kinachoitwa denieri, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa 600D, basi, ukinyooshwa kilomita tisa una uzito wa gramu 600. Kadiri namba inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mnene. Polista ya 600D inatosha kwa mwanafunzi wa kawaida kama imefumwa kwa kubana na kushonwa vizuri, na namba kubwa zaidi haiokoi begi lenye mishono mibovu. Nailoni huhimili msuguano vizuri zaidi, lakini jua kali huidhoofisha mapema kuliko polista. Cordura, jina linaloonekana kwenye mabegi ya gharama, ni nembo ya vitambaa vya namna hii vilivyotengenezwa kuhimili mikwaruzo. Dukani ambako hakuna lebo, tumia mkono: kikamate kitambaa kwa vidole viwili ukisugue, kiinue kwenye mwanga. Kikiwa na mianya kama chandarua, au kikitoa unga mweupe kwa ndani, si cha kubebea kompyuta.

Hapa kuna historia fupi inayosaidia kuelewa kwa nini begi la mwanafunzi liko kama lilivyo leo. Liliazimwa kutoka kwa wapanda milima. Kampuni ya JanSport ilianzishwa Seattle, Marekani, mwaka 1967, na vijana watatu, Murray Pletz, Jan Lewis na Skip Yowell, wakitengeneza mabegi ya watembea porini. Moja ya mabegi yao madogo lilikuwa likiuzwa katika duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Washington, upande wa vifaa vya michezo, na wanafunzi wakaanza kulinunua kwa ajili ya kukinga vitabu na mvua za mji huo. Chombo kilichobuniwa kwa safari za milimani kikawa chombo cha darasani, na sifa mbili za asili yake ndizo za kudai hadi sasa: mzigo ukae karibu na mgongo, na maji yasifike kwenye kilichobebwa.

Sehemu inayoharibika upesi baada ya mikanda ni zipu. Zipu tunayoitumia imetokana na kazi ya Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyehamia Marekani na kupata hataza yake mwaka 1917. Tangu hapo umbo lake halijabadilika sana: meno pande mbili, na kichwa kinachoyabana na kuyaachanisha. Kuna za chuma, kuna za plastiki zenye meno manene, na kuna za uzi wa nailoni uliopindwa mviringo ukawa ndio meno. Kwa begi la chuo napendelea hizi za mwisho. Hupinda kwenye kona bila kukwama, na meno yakiachana njiani mara nyingi unaweza kukirudisha kichwa mwanzo na kuyafunga upya. Zipu ya chuma ina adui mkubwa ukanda wa pwani. Hewa yenye chumvi ya Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa huipiga kutu ya kijani au ya kahawia, na baada ya likizo moja kabatini kichwa hakisogei.

Ukubwa wa zipu hupimwa kwa namba inayokaribia upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita. Zipu namba 3 ni ya mfuko mdogo wa mbele. Mfuko mkubwa unahitaji namba 5 kwa uchache, na namba 8 au 10 ni bora zaidi kwa anayebeba vitabu vizito. Mara nyingi namba hiyo imechapwa nyuma ya kichwa. Herufi YKK, za kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa na Tadao Yoshida mwaka 1934, ni ishara njema, lakini nazo hughushiwa kama nembo nyingine, kwa hiyo zisikuzuie kujaribu. Fungua na ufunge kwa mkono mmoja, hasa kwenye kona. Kisha livute begi kama limejaa ufunge tena. Zipu inayohitaji mikono miwili dukani itahitaji magoti ndani ya daladala.

Na pawe na vichwa viwili kwenye mfuko mkubwa. Kimoja kikifa, muhula unaendelea kwa kingine mpaka utakapomfikia fundi.

Kinachoua zipu mara nyingi si meno bali kichwa kilicholegea, na hiyo ni kazi ndogo: fundi hukibana kwa koleo au hukibadilisha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambako umbali kati ya ndaki ni mrefu na vumbi la kiangazi linaingia kila mahali, atahitaji kulijua hili mapema kuliko mwenzake wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vumbi likijichanganya na mafuta ya mikono hugeuka msasa unaokila kichwa kwa ndani. Mswaki mkavu na kipande cha mshumaa mweupe vikipitishwa kwenye meno mara moja moja huongeza maisha ya zipu kwa kiasi kikubwa.

Sasa tuzungumzie mtumba, kwa sababu wazazi wengi bado wanaona kumpeleka mtoto chuoni na begi la mtumba ni kumdhalilisha. Siafiki. Katika soko la Karume pale Ilala, Memorial mjini Moshi, au Gikomba kwa wasomaji wetu wa Nairobi, belo zikifunguliwa asubuhi hutoka mabegi ambayo yamebeba vitabu vya mtu mwingine miaka kadhaa na bado mikanda yake imesimama. Huo ni mtihani ambao begi jipya halijaufanya. Begi la dukani linakuomba uliamini, la mtumba linaonyesha lilikopita. Pesa ileile inayonunua begi jipya la kati pale Kariakoo inaweza kununua mtumba wa gredi ya kwanza ulioshonwa kwa kiwango cha juu zaidi.

Lakini mtumba una ugonjwa wake, na wengi hawaujui. Vitambaa vingi vya mabegi hupakwa kwa ndani utando mwembamba wa poliyurethani ili maji yasipenye. Miaka ikienda, unyevu na joto huuvunjavunja utando huo. Huanza kunata vidoleni, kisha hutoa harufu kali ya siki au ya kitu kilichochacha, mwishowe hubanduka vipande vyeupe vinavyoshika kwenye nguo na daftari. Hakuna fundi wa kuutibu. Kwa hiyo unapochagua kwenye rundo, ingiza mkono ndani, usugue, unuse. Pia bonyeza sponji ya mikanda, iliyozeeka hubonyea na kubaki hivyo au hupasuka kama biskuti. Vuta mpira wa mifuko ya chupa uone kama unarudi. Begi likifaulu haya, usiogope doa la wino wala jina la shule ya ng'ambo lililodariziwa mbele.

Kuhusu mapya yenye majina makubwa, tuseme ukweli. Mengi ya mabegi yenye nembo maarufu yanayoning'inia kwenye fremu za Kariakoo ni ya kuiga. Winga, yaani dalali, atakwambia, "Mama, hii orijino kabisa, angalia mwenyewe," na pengine hata yeye hajui. Begi la kuiga lililoshonwa vizuri linaweza kudumu. Lisilo na nembo yoyote pia linaweza. Usilipe shilingi moja kwa ajili ya nembo usiyoweza kuithibitisha. Lipia mshono unaouona.

Upo pia mtindo wa mabegi yenye tundu la kuchajia simu ubavuni. Vijana wengi huamini begi lenyewe lina umeme. Halina. Ni waya tu unaopita kwenye kitambaa, na ndani lazima uweke pawa benki yako. Faida yake ni ndogo, na tundu lile ni mlango wa maji wakati wa vuli. Mimi ningeliacha.

Nije kwenye mpangilio wa ndani, ambao nauona ni nusu ya thamani ya begi. Watu hudhani mpangilio ni wingi wa mifuko. Mifuko ikizidi, kila kitu kinakuwa na sehemu nne za kutafutwa, na kila zipu ya ziada ni kitu kingine cha kuharibika. Mwanafunzi anahitaji chumba kikubwa kimoja, chumba cha kompyuta, mfuko mdogo wa mbele, na mifuko miwili ya chupa kwa nje. Vikizidi hapo viwe na sababu.

Chumba cha kompyuta kiwe upande wa mgongoni, kwa sababu kompyuta ndicho kitu kizito kisichopinda, na uzito ukikaa mbali na uti wa mgongo hukuvuta nyuma, nawe unainama mbele kuusawazisha. Kiwe na sponji pande zote mbili. Jambo ambalo wengi hawalikagui ni kitako chake. Ingiza mkono mpaka chini uone kama mfuko wa kompyuta umeishia sentimita mbili au tatu juu ya sakafu ya begi, au umegusa chini kabisa. Ukigusa chini, kila mara begi linapotuliwa kompyuta inapokea kishindo kwenye pembe, na pembe ndiko kioo huanzia kupasuka. Vijana wengi huanza chuo na kompyuta zilizokwishatumika zenye kioo cha inchi 15.6, ambazo mwili wake unakaribia sentimita 38 kwa upana, na mabegi mengi ya kuvutia yameshonwa kwa za inchi 14. Nenda nayo dukani. Ukiogopa kuibeba Kariakoo, na una haki ya kuogopa, kata kipande cha boksi chenye ukubwa uleule na unene wake uukadirie kwa daftari mbili.

Rangi ya bitana nayo ni jambo la kuzingatia. Bitana nyeusi humeza funguo, kalamu na flashi. Bitana ya kijivu hafifu, njano au chungwa hukuonyesha kila kitu hata kwenye mwanga hafifu wa bwenini umeme ukikatika. Mabegi ya watembea porini hutumia sana rangi za kung'aa kwa ndani kwa sababu hiyohiyo.

Kisha kila kitu kipewe makazi na kisihame. Kitambulisho na funguo kwenye mfuko wa mbele. Chaja kwenye kijimfuko chake, isilale juu ya kioo cha kompyuta. Chupa ya maji nje, daima nje, hata kama ina kifuniko unachokiamini. Hotpoti ya chakula isikae chumba kimoja na kompyuta. Kama begi lina mfuko uliofichwa unaoegemea mgongo, hapo ndipo pa simu na pesa. Anayepanga Mbagala au Gongo la Mboto na kusoma Mlimani anajua kwa nini: kwenye mwendokasi wa jioni au kwenye mlango wa daladala, mfuko wa mbele wa begi uko mikononi mwa aliye nyuma yako. Lihamishie kifuani ukipanda. Lenye mkanda mdogo wa kifuani humfaa anayetumia bodaboda, maana begi halichezi pikipiki ikikata kona.

Fani nayo iamue. Mwanafunzi wa udaktari Muhimbili anabeba koti jeupe ambalo halitakiwi kugusana na viatu, basi anahitaji chumba cha pili kinachojitenga. Wa kilimo au misitu pale Sokoine, Morogoro, atakwenda shambani na kurudi na udongo, hivyo kitako cha turubai linalofutika kina thamani kuliko mifuko kumi. Wa sheria anabeba karatasi tu, na karatasi ni nzito kuliko inavyoonekana.

Uzito huo una mpaka. Wataalamu wa tiba ya viungo hushauri mara nyingi begi lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili. Kwa kijana wa kilo 60 hiyo ni kati ya kilo 6 na 9. Kompyuta ya inchi 15.6 na chaja yake ni karibu kilo tatu, lita moja ya maji ni kilo moja, begi lenyewe linakaribia kilo moja, na bado hujaweka kitabu hata kimoja. Kwa hiyo usinunue begi la lita 40 kwa kudhani kubwa ndiyo salama. Nafasi ikiwepo hujazwa. Lita 20 hadi 30 zinatosha siku ya masomo, na vitu vya safari ya likizo vibebwe na begi jingine. Mikanda iwe na upana wa sentimita tano au zaidi, sponji yake iwe ngumu kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole gumba hufiki upande wa pili, na begi likivaliwa kitako chake kisishuke chini ya kiuno. Mwenye kulitumia ndiye alivae, mzazi asimnunulie kwa kukisia.

Vuli huanguka kati ya Oktoba na Desemba, wakati uleule chuo kinapoanza, na masika kati ya Machi na Mei. Muuzaji atakwambia begi haliingizi maji. Kitambaa huenda kweli hakiingizi, lakini kila tundu la sindano ni mlango, na zipu ni mlango mrefu zaidi. Zamani wanafunzi walivingirisha kompyuta kwenye mfuko wa rambo, na dawa hiyo iliondoka Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Mifuko laini iliyochukua nafasi yake hupitisha maji kama kitambaa. Baadhi ya mabegi huja na kifuniko cha mvua kilichokunjwa kwenye kimfuko cha chini; hicho ni cha kukitafuta na kukitunza. Kama hakuna, chukua koti la mvua kuukuu ulipeleke kwa fundi cherehani akukatie mfuko wa ndani wenye mdomo mrefu wa kukunja mara tatu. Gharama yake ni ndogo, na kompyuta iliyomo humo itavuka mvua ya kutoka Ubungo mpaka darasani ikiwa kavu.

Kuhusu bei, fanya hesabu kwa mihula, si kwa siku ya kununua. Shahada nyingi ni miaka 3, yaani mihula 6. Uhandisi miaka 4, udaktari 5. Tuseme begi la shilingi 25,000 linakufa kila muhula. Kwa shahada ya miaka 3, hadi mahafali limekula 150,000, bila kuhesabu daftari zilizolowa. La 70,000 lililofanyiwa matengenezo mara mbili ya 5,000 limekula 80,000. Najua mzazi mwenye watoto watatu shuleni hana 70,000 ya begi mwezi wa Oktoba, na bumu la Bodi ya Mikopo linapoingia tayari lina madeni yanayolingoja. Ndiyo sababu nasisitiza mtumba uliokaguliwa, na ndiyo sababu nasisitiza mafundi.

Mafundi wa mabegi na viatu wako karibu kila mtaa, wengine wamekaa pembezoni mwa vituo vya daladala na mashine zao za mkono. Nunua begi ambalo watu hawa wanaweza kulitengeneza. Mikanda iliyoshonwa inatengenezeka, iliyogandishwa kwa gundi au kuyeyushwa kwa moto haitengenezeki. Klipu za plastiki za upana wa kawaida zinapatikana, zenye umbo la ajabu la kampuni moja hazipatikani. Zipu iliyo wazi huweza kung'olewa na kubadilishwa, iliyofunikwa tabaka mbili za mpira humpa fundi kazi ya siku nzima. Na begi jipya lenye mikanda dhaifu lakini kitambaa kizuri si la kupuuzwa. Linunue kwa bei ya chini, kisha siku hiyohiyo mpelekee fundi akaishone upya mikanda kwa uzi mzito wa nailoni, kabla halijabeba chochote.

Muhula ukiisha, lioshe kwa mkono, maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, bila kulichemsha wala kulitia kwenye mashine, maana mzunguko wa mashine hubandua ule utando wa ndani. Lianike kivulini likiwa limening'inizwa kichwa chini, zipu zote wazi, mpaka pembe zikauke kabisa. Halafu ligeuze ndani nje tena upitishe kidole kwenye kila mshono. Sentimita mbili zilizofumuka ni dakika chache za cherehani. Zikiachwa mpaka mkanda ung'oke na kitambaa chake, fundi atalazimika kutafuta kiraka cha ngozi au turubai, na hapo atakutajia bei nyingine.